Kalamu, Wembe na Mashine ya Kuchongea

Katika maduka ya vifaa vya shule yaliyo baina ya viwanja vya Mnazi Mmoja na soko la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, vichongeo vya kalamu huuzwa vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vile vidogo vya plastiki au vya madini, vyenye wembe mmoja uliokazwa kwa parafujo, ambavyo humwagwa katika visanduku mfano wa karanga na kununuliwa bila maulizo. Namna ya pili ni mashine. Ina mwili mzito, tundu la kuingizia kalamu mbele, mkono wa kuzungushia nyuma, na kisanduku cha kupokea maranda chini. Hii huwekwa rafu ya juu, aghalabu peke yake, na anayeiulizia bei huwa amekwisha kuamua kwamba hatainunua. Kando ya hizo mbili kipo chombo cha tatu ambacho hakiitwi kichongeo ijapokuwa kimechonga kalamu nyingi sana mjini humu, nacho ni wembe wa kunyolea, unaovunjwa vipande viwili ili mtu na nduguye wagawane. Yafaa kuuliza jinsi mashine ile ilivyobuniwa, na kwa nini haijauondoa wembe katika vidole vya watoto, ingawa umri wake umepita miaka 100.

Kuchonga kalamu si jambo lililoletwa pwani hii na penseli. Neno kalamu lenyewe limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kiyunani lenye maana ya tete. Waandishi wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitumia tete hasa, na kabla ya kuandika walilichonga. Walikata ncha yake kwa mshazari na kuipasua katikati ili wino uteremke. Upana wa ncha ndio uliotoa unene wa herufi, na mshazari wake ulifuata mkono wa mwandishi mwenyewe, hata kalamu ya huyu haikumfaa yule. Kisu kilikuwa sehemu ya uandishi. Aliyeshindwa kuchonga alishindwa kuandika vizuri, na hapakuwa na mtu wa kumsaidia daima.

Lugha imeyahifadhi hayo. Kitenzi kuchonga hutumika kwa mtumbwi, kwa mlango, kwa mwiko, kwa kinyago na kwa kalamu, maana katika kazi zote hizo umbo hupatikana kwa kupunguza, wala si kwa kuongeza. Kwa kitenzi hicho limeundwa neno kichongeo kwa kanuni iliyotupa kifagio na kifuniko: kiambishi cha mwanzo chatangaza kwamba ni chombo, na irabu ya mwisho yatimiza kazi hiyo. Lakini mwenye sikio atatambua kwamba kichongeo kimejengwa juu ya kuchongea, na kumchongea mtu ni kumsema kwa wakubwa ili apate adhabu. Wanafunzi wamekwisha kuufanyia mzaha mfanano huo, na mzaha wao si mbaya.

Penseli ilileta taabu ambayo tete halikuwa nayo. Huitwa kalamu ya risasi, na jina hilo ni kosa la zamani ambalo lugha nyingi zimeshiriki, kwa maana ndani yake hamna risasi. Kilichomo ni grafiti, madini meusi laini yaachayo alama kwenye karatasi. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hati ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo, kisha kuuchoma katika tanuri. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na alama yake huwa hafifu, na grafiti ikizidi, kalamu huwa laini na nyeusi. Kwa hiyo ndani ya penseli mna kitu mfano wa kigae chembamba kilichovikwa mti. Anayechonga hana budi kuondoa vitu viwili kwa mara moja, na tabia zao hazipatani. Mti wataka kisu, na kigae chataka kusuguliwa. Kisu kikiukata mti barabara, mara nyingi hukivunja kigae. Na tupa ikikisugua kigae kwa upole, huuchelewesha mti mpaka mtu achoke.

Wabunifu wa kwanza walikwama katika ugomvi huo. Mwaka 1828 Bernard Lassimone, mtu wa hisabati wa Ufaransa, alipata hati ya serikali kwa kifaa cha kuchongea kalamu. Mwaka 1833, huko Uingereza, ilitolewa hati kwa kifaa cha tupa mbili zilizopachikwa pembe kwa pembe katika kipande cha mti, yaani waliobuni hicho waliuchukua upande wa kigae na kuusahau mti. Baadaye, katikati ya karne hiyo ya 19, likaja wazo la tundu lenye umbo la pia, lenye kisu kimoja ubavuni, ambamo kalamu huzungushwa kwa vidole. Hicho ndicho kichongeo kidogo kijazacho visanduku vya Kariakoo hata leo. Ni wazo jema na rahisi, lakini lina ila mbili. Kisu ni kimoja na kiko upande mmoja tu, basi huisukuma ncha kuelekea upande wa pili. Na kalamu ndiyo izungukayo, basi kigae husokotwa wakati huo huo kinaposukumwa. Wembe ukiwa mpya, madhara hayaonekani. Ukianza kuwa butu, hauukati mti tena bali huunyofoa, na ncha hukatikia ndani ya tundu. Mtoto huanza upya, ncha hukatika tena, na penseli iliyokuwa ya muhula mzima huwa kipande cha kidole kabla ya likizo.

Mashine ya mkono ilibuniwa kuzitibu ila hizo mbili, na uzuri wake hauonekani mpaka kifuniko kifunguliwe. Shauri lake la kwanza ni kwamba kalamu isizunguke. Itulie, na visu viizunguke. Mwaka 1896 kampuni ya A. B. Dick ya Chicago, iliyojulikana zaidi kwa mashine za kunakili karatasi, ilitoa mashine ambayo jina lake kwa Kiingereza lilikuwa na maana ya kichongeo cha sayari. Jina hilo halikuwa la mapambo. Ndani yake mlikuwa na visahani viwili vya makali vilivyoizunguka ncha ya kalamu, na kila kimoja kilijizungusha pia chenyewe, kama dunia ijizungushavyo huku inalizunguka jua. Kalamu ilikuwa jua la mashine hiyo. Mwaka 1904 ikatokea mashine nyingine ya Marekani ambayo badala ya visahani ilitumia kigogo cha chuma chenye makali mengi, na kwa muda usio mrefu mawazo hayo mawili yakaungana kuwa mashine ya vigogo viwili.

Utendaji wake waweza kuelezwa hivi. Vigogo viwili vidogo vya chuma kigumu vimelazwa kwa mshazari, kimoja huku na kimoja huku, vikikaribiana upande wa ndani na kuachana upande wa tundu, hata nafasi iliyo baina yao ina umbo lile lile la ncha inayotakiwa. Vyote viwili vimeshikwa na fremu moja, na fremu hiyo imeungwa na mkono wa kuzungushia. Katika ncha ya kila kigogo kuna gurudumu dogo la meno, na magurudumu hayo hupita ndani ya pete kubwa ambayo meno yake yametazama ndani. Pete hiyo imefungwa katika mwili wa mashine, wala haizunguki. Mtu akizungusha mkono, fremu huzunguka na kuvichukua vigogo. Na kwa sababu magurudumu madogo yamenaswa katika meno ya pete isiyokwenda, hulazimika kubingirika, na vigogo hubingirika nayo. Tuseme pete ina meno 36 na kila gurudumu dogo lina meno 12: basi mkono ukizunguka mara moja, kila kigogo hujipindua ndani ya fremu yake mara 3. Mwenye mashine huhisi kwamba anafanya kazi ndogo, kumbe ndani makali yanapita juu ya kalamu mara nyingi sana, na kila moja lachukua unyuzi mwembamba tu.

Makali hayo hayakunyooka. Yamepinda kukizunguka kigogo mfano wa hesi ya parafujo, na hilo nalo lina sababu. Kali lililonyooka lingeugusa mti kwa urefu wake wote kwa wakati mmoja na kuupiga kwa kishindo, hali kali lililopinda huugusa mahali pamoja kisha likaendelea kuteleza, kama mkasi ukatavyo kitambaa. Na kwa kuwa vigogo ni viwili vilivyoelekeana, msukumo wa kimoja hupingwa na msukumo wa mwenzake, na kigae kilicho katikati hakipindwi upande wowote. Hivyo ugomvi wa mti na kigae umepatanishwa: kile kitendo chembamba, cha haraka, cha kurudiarudia, ni kisu kwa mti na ni tupa kwa grafiti. Ncha ikikamilika makali hayana cha kula tena, na mkono huwa mwepesi ghafla. Fundi wa cherehani ya mkono ataitambua hali hiyo mara moja, maana ndiyo dalili impatayo uzi unapokatika. Mkono humwambia kabla ya jicho.

Katika habari hizi hutajwa mara kwa mara jina la John Lee Love, na inafaa litajwe kwa haki. Love alikuwa Mmarekani mweusi wa mji wa Fall River katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1895 alipata hati kwa ubao wa kushikia lipu, ule ambao mwashi huubeba kwa mkono mmoja huku akipaka ukuta kwa mkono wa pili. Tarehe 23 Novemba 1897 akapata hati ya pili, ya kichongeo kidogo chenye mkono wa kuzungushia, kilichoyaweka maranda ndani yake yasimwagike, na ambacho kwa maelezo yake chaweza kupambwa kikakaa mezani kama pambo au kizuizi cha karatasi. Mwaka huo huo wa 1897, mwezi wa Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja. Mambo hayo mawili hayakuhusiana hata kidogo, lakini anayesoma tarehe huona jinsi dunia moja ilivyobeba nyakati mbalimbali. Wako waandishi wanaosema kwamba Love ndiye aliyebuni kichongeo cha kalamu. Hilo si kweli, kwa kuwa Lassimone alimtangulia kwa miaka 69, na kumpa mtu sifa isiyo yake ni kuidharau ile iliyo yake. Sifa yake ni kwamba alimfikiria mtu asiye na ofisi. Mashine za kampuni kubwa zilikuwa za kufungwa mezani. Yeye alifikiria chombo cha kuchukuliwa mfukoni ambacho bado kina mkono wa kuzungushia na bado hakichafui sakafu. Alifariki mwaka 1931, katika ajali ya gari lililogongana na garimoshi.

Mashine zote hizo zilibuniwa kwa mti wa namna fulani, na hapa ndipo habari inaporudi Afrika Mashariki bila kuitwa. Penseli njema ya karne ya 19 ilifanywa kwa mwerezi mwekundu wa Marekani, mti laini, wenye nyuzi zilizonyooka, unaokatika kwa kisu pasipo kuchanika. Miti hiyo ilipoanza kuadimika, wenye viwanda wa Ulaya walitafuta ndugu yake, wakampata katika milima yetu. Ni mwerezi wa Usambara, Wasambaa wauitao mwangati, na huota pia Kenya na Ethiopia. Wakati wa Wadachi miti ya msitu wa Shume ilikatwa, na magogo yake yakateremshwa kwa kamba ya chuma iliyotundikwa angani juu ya magenge mpaka stesheni ya Mkumbara, katika reli itokayo Tanga. Baada ya vita ya 1914 hadi 1918 Waingereza nao waliendelea kuvuna mwerezi wa Kenya na kuusafirisha umepasuliwa vibao vyembamba, kila kibao kadiri ya urefu wa penseli. Mti wa hapa ni mgumu kidogo kuliko wa Marekani na hupasuka upesi zaidi, lakini ulihesabiwa kuwa mti wa penseli, na mpaka leo jina lake la Kiingereza laushuhudia utumishi huo. Grafiti nayo imo katika ardhi ya Tanzania, huko Mererani, Mahenge na mkoa wa Lindi. Mti upo na kigae kipo, walakini penseli nyingi zinazouzwa Mtaa wa Kongo zimevuka bahari kuja hapa.

Na nyingi katika hizo si za mwerezi. Zimefanywa kwa miti ya bei nafuu, migumu mahali pamoja na laini mahali pengine, na kigae chake mara nyingi hakikukaa katikati. Hilo ni jambo dogo machoni mwa mnunuzi, bali kwa mashine ni balaa. Ubora wote wa vigogo viwili umetegemea kwamba katikati ya kalamu ndipo katikati ya kigae. Kigae kikiegemea upande, mashine itachonga ncha kamili ya mti, na grafiti itachungulia ubavuni. Mtu mwenye wembe hukiona kigae kilipo, akaukata mti kukifuata, kama mwandishi wa tete alivyoufuata mkono wake. Mashine haina jicho. Imebuniwa kwa kuamini kwamba kiwanda kimefanya kazi yake vizuri, na penseli ya bei ndogo huivunja imani hiyo.

Mji wenyewe umekuwa na kazi nyingi za penseli. Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lilisanifiwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na paa lake ni maganda ya zege yaliyosimama kama miavuli iliyogeuzwa ndani nje. Michoro ya majengo ya zama hizo ilichorwa kwa mkono, na katika meza ya mchoraji ncha ya kalamu si jambo la hiari: mstari ulioanza mwembamba ukaisha mnene humdanganya mwashi. Watu wa kazi kama hiyo ndio waliokuwa na haja ya mashine na uwezo wa kuinunua. Wanafunzi wa kwanza wa sheria walioanza masomo mwezi wa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka Kariakoo, walikuwa wachache sana. Mashine moja mezani ingaliwatosha wote. Lakini azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi iwe ya watoto wote ifikapo 1977, na mtoto wa darasa la kwanza huanza kuandika kwa penseli. Hesabu ikageuka. Haja kubwa ya kuchonga ikatoka katika ofisi ikaingia katika madarasa, na mashine haikuifuata.

Mwaka 2012 haja hiyo ilipata uzito mpya, kwa kuwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulianza kutumia karatasi za majibu zisomwazo na mashine. Mtahiniwa alitakiwa awe na penseli ya HB, na jibu alilolichagua alifiche kwa kulitia weusi. Kitendo hicho kiliitwa kusiliba, neno zuri la kale la kupaka udongo ukutani, ambalo John Lee Love mwenye ubao wa lipu angalilifurahia. Kusiliba hakutaki ncha kali. Ncha kali mno hutoboa karatasi na kupoteza dakika. Hutaka ncha imara isiyokatika. Kukatika kwa ncha, ambako zamani kulikuwa kero tu, kulikuwa sasa kunaweza kumpunguzia mtoto maswali. Basi asubuhi kama hiyo wembe nao hutoka mfukoni, katika kidole kilichokwisha kutetemeka kwa hofu ya mtihani.

Hapo mashine ndipo ilipokuwa na neno la kusema, na ni ajabu kwamba halikusikilizwa. Faida yake kubwa kwa shule haikuwa uzuri wa ncha, ila ni mahali ilipokiweka kisu. Katika wembe, kisu kiko nje na kidole kiko juu yake. Katika mashine, kisu kimo ndani ya mwili wa chuma, na kinachoingia humo ni penseli tu. Mtoto hushika mkono wa kuzungushia ulio upande wa pili. Mashine moja iliyofungwa kwenye meza ya mwalimu yaweza kulihudumia darasa kwa zamu, na gharama yake ikigawanywa kwa watoto na kwa miaka haiwi kubwa kama inavyoonekana dukani. Lakini mzazi hanunui kwa hesabu hiyo. Hununua kwa hesabu ya sarafu zilizo mkononi siku ile, na kwa hesabu hiyo wembe hushinda.

Tena liko jambo ambalo wabunifu wa Chicago hawakuwa na sababu ya kulifikiria. Kariakoo ni mji wa mafundi. Cherehani ya mkono imeishi hapa miaka mingi kwa sababu kila kipande chake kina mtu anayekijua na duka linalokiuza. Kichongeo hakina mtu huyo. Meno ya pete, ambayo zamani yalikuwa ya chuma, katika mashine nyingi za bei ndogo ni ya plastiki, na yakisagika hayana badala. Vigogo navyo huisha makali. Mnoa visu apitaye mitaani na baiskeli yake, akipiga kanyagio huku jiwe likizunguka na cheche zikiruka, hunoa kisu cha muuza nyama, panga la muuza madafu na mkasi wa mshonaji. Vigogo vya kichongeo avitazama, avipitisha kidole juu ya yale makali yaliyopinda, aona kwamba jiwe lake limenyooka na hayo hayakunyooka, na kumrudishia mwenyewe.